Mwiko wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alimdanganya nesi mchana kweupe, mimi nikiwa nimekaa katikati yao na mimba ya wiki kumi na moja. Naandika haya kwa idhini yake. Alisema niandike yote, mradi nisitaje kwamba yeye ni mfupi, kwa hiyo sitataja.

Tulikuwa tukiishi ploti moja ya vyumba vya kupanga huko Baba Dogo, Nairobi, mimi na mume wangu mlango wa tatu, yeye mlango wa saba. Desturi ya kwao, magharibi mwa Kenya, haimruhusu mama kulala katika nyumba ya mwanawe, lakini haisemi lolote kuhusu kushinda humo. Basi alikuwa akiingia kwetu kabla chai haijachemka na kutoka taarifa ya habari ikiisha. Alikuwa ameuza avokado soko la Muthurwa karibu maisha yake yote. Magoti yalimstaafisha, sauti ikakataa. Aliponiuliza nimelala vipi, watu wa mlango wa kumi na mbili waliitikia kwamba wamelala vyema.

Kitu kimoja tu kilikuwa kikinishangaza kwake. Kila Desemba tulipokwenda kwao, wanawake wa boma walipika kwenye mafiga sufuria kubwa kama pipa, na mama mkwe, ambaye Baba Dogo hakuna jambo asiloliongoza, alijitenga kwenye kona ya mbali na moto na kumenya vitunguu. Mwaka baada ya mwaka, vitunguu. Nilidhani ni uvivu wa mtu wa mjini. Nikampa cheo, Waziri wa Vitunguu, na nilimwita hivyo mbele ya watu. Alikuwa akicheka.

Mimi ni karani katika ofisi ya malori Industrial Area, mtaa wa viwanda. Fomu ndizo zinazonilisha, na mtu akiandika uongo kwenye fomu mimi hupandwa na hasira ambayo mume wangu husema ningeiweka akiba kwa mambo makubwa. Nilikuwa na miaka thelathini na sita na mimba ya kwanza. Huko kwetu Ukambani shangazi zangu walikuwa wameshaacha kuniombea, wamehamia kwa wadogo zangu.

Kliniki niliyoanzia ilikuwa na watafiti. Walikuwa wakichunguza presha ya wajawazito: kwa nini baadhi ya akina mama hupandwa na presha, wakavimba uso, wakaona nyota, na wengine wakashikwa na degedege na kufa, wao au mtoto au wote wawili. Walitaka kujua kama mtu wa namna hiyo anaweza kutambuliwa mapema, akiwa bado mzima na anacheka. Nesi wa utafiti alinieleza vizuri. Kuna maswali, kuna damu kidogo, kuna mkojo. Mwenye dalili fulani, au mwenye historia hiyo katika familia, hufuatiliwa kwa karibu, na daktari anaweza kumwanzishia aspirini ndogo ya kila siku. Lakini inafaa ianze kabla ya wiki ya kumi na sita. Ukichelewa, faida yake inapungua.

Mume wangu alikuwa zamu kiwandani, wanakotengeneza ndoo na mabeseni, kwa hiyo mama mkwe ndiye aliyenisindikiza. Nesi alipoanza maswali ya ndani ndani, mimi nikaanza kujibu kwa sauti ya kuku mgonjwa. Mama mkwe akanipiga kiwiko.

“Sema! Mficha uchi hazai.”

Nikasema. Nilisema mambo ambayo hata daftari langu halijui. Kisha nesi akafungua ukurasa wa mwisho.

“Katika familia yako, au familia ya baba wa mtoto, kuna mtu amewahi kupata kifafa cha mimba?”

Mimi nikaanza kuwapitia shangazi zangu mmoja mmoja kichwani. Mama mkwe hakupitia mtu.

“Kwetu hakuna kifafa,” alisema. “Andika hapana.”

“Mama, ninauliza kifafa cha...”

“Hapana. Andika kwa herufi kubwa.”

Nesi akaandika. Kwa neno hilo moja nikawekwa katika kundi la wale wanaorudi baada ya mwezi, tena bila dawa. Tukiwa njiani nilimwona mama mkwe anatembea haraka kuliko magoti yake yanavyoruhusu. Aliniambia watu wa fomu si wa kuamini, leo wanauliza kifafa, kesho watauliza uchawi, na kama ni uchawi basi waanzie Ukambani. Nilicheka kwa sababu nimezoea. Yeye safari hiyo hakucheka.

Kesho yake asubuhi aliingia, akaniambia nikae kitandani, akanishika mguu. Alinibonyeza kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo, akakaza, akaachia, akainama kutazama.

“Bado ngumu,” alisema, akaenda kumimina chai.

Kuanzia siku hiyo alifanya hivyo kila asubuhi, kama mtu anayechagua avokado. Akishabonyeza anauliza: kichwa kinauma? Macho je? Huoni vitu vinametameta? Nilimjibu kwamba kitu pekee kinachometameta humu ndani ni leso yake. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeudhika. Nina miguu minene tangu utotoni na sikuona sababu ya kukaguliwa kama bidhaa. Nilimlalamikia mume wangu, na yeye, kwa ile busara ya wanaume wanaoishi karibu na mama zao, akawasha redio.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya mama mkwe ilikuwa ya mwezi mmoja.

Tulirudi kliniki mimba ikiwa na wiki kumi na tano. Nesi yule yule alinipima presha, akasema si mbaya, akapiga magoti, akanishika mguu na kunibonyeza kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo. Pale pale. Akakaza, akaachia, akatazama. Nilipasuka kicheko.

“Huyu mama hunifanyia hivyo kila siku,” nikamwambia. “Yeye huniambia bado ngumu.”

Nesi hakucheka. Aliinua uso akamtazama mama mkwe.

“Mama, nani alikufundisha?”

“Nimeuza avokado,” mama mkwe akasema. “Miaka mingi.”

Nesi akatabasamu, akafunga faili, akatupa tarehe nyingine. Tukatoka. Tulipofika getini mama mkwe akasimama ghafla.

“Nimesahau mwavuli.”

Jua lilikuwa linawaka, na mwavuli hatukuwa nao. Kabla sijasema neno alikuwa amegeuka. Nilikaa kwenye benchi la muuza mandazi nikangoja. Nilikula mandazi mawili, nikakasirika, nikala la tatu. Nilikuwa nishapanga maneno ya kumwambia alipotokea mlangoni bila mwavuli, na nesi nyuma yake amebeba faili langu.

“Rudi ndani kidogo,” nesi akaniambia. “Kuna jibu limebadilika.”

Nilirudi. Kwenye ukurasa wa mwisho lile HAPANA la herufi kubwa lilikuwa limekatwa mstari mmoja. Mama mkwe alikaa kwenye kiti akashika mkoba wake kwa mikono yote miwili. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliongea kwa sauti ya chini, nikalazimika kuinama ili nimsikie.

“Nilikuwa na mimba ya bwanako,” akaniambia. “Miguu ilivimba, viatu vikakataa kuingia. Kichwa kikauma siku mbili. Nikaanza kuona nyota mchana. Nilikuwa jikoni kwa mama mkwe wangu, napika ugali wa watu wa mazishi, nikaanguka hapo karibu na moto. Hata sikumbuki. Niliamka hospitali, nikapata mtoto amebebwa na mtu mwingine. Daktari aliwaambia ni kifafa cha mimba. Sasa nyumbani wakasikia hiyo neno ya kwanza tu.”

Nesi akamsogezea maji.

“Niliporudi nilishika mwiko nipike. Mama mkwe wangu akautoa kwa mkono yangu, polepole, mbele ya wanawake wote. Akasema mtu wa kifafa hapikii watu, ataanguka kwa moto. Hakunitukana. Alinipatia vitunguu.”

Ikawa mwiko kwake kushika mwiko. Ndiyo maana yeye na baba mkwe walihamia Nairobi mtoto akiwa mchanga. Ndiyo maana alimenya vitunguu kila Desemba kwa miaka thelathini na tisa, na mimi, mwenye akili nyingi, nikamtawaza waziri. Niliona aibu. Nilitaka kuomba msamaha nikashindwa kuanza.

“Kwa nini hukusema siku ile?” nilimuuliza, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyokusudia. Nilikuwa nimeogopa. Wiki ya kumi na sita ilikuwa inaanza siku nne baadaye.

“Ningesema, ungerudi kwenu,” akasema. “Ungewaambia watu wako umeolewa kwa wenye kifafa. Na mtoto wangu angebaki na nani?”

Nesi alivuta kiti. Alimweleza kwamba kifafa cha mimba si kile kifafa kingine, vinafanana jina na mtikisiko tu. Mimba ikiisha, kwa kawaida nacho kinaisha. Wataalamu hawajamaliza kubishana kinaanzaje, lakini mengi wameyaona yanaelekeza kwenye kondo la nyuma, lile linalotoka baada ya mtoto: halikushika mizizi vizuri, nayo mishipa ya mama ikaanza kuteseka. Na kondo hilo si la mama peke yake. Linajengwa pamoja na mtoto, upande wa mama na upande wa baba. Kwa hiyo mwanamume aliyezaliwa katika mimba ya namna hiyo anaweza kumpelekea mkewe hatari ile, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kuumwa hata kichwa.

“Ndiyo maana tunauliza habari za mama wa baba,” akasema. “Inaweza kurithiwa kidogo. Kama vile mtu anavyorithi kimo.”

Mama mkwe aliketi wima.

“Kimo kimefanya nini?” akauliza, na sauti ikarudi.

Daktari alikuja, akasoma faili. Alisema umri wangu na hii kuwa mimba ya kwanza vilikuwa vinamfanya afikirie, na hili jipya limemaliza mjadala. Jioni hiyo hiyo nilianza aspirini.

Aliyeshika dawa si mimi wala mume wangu. Mama mkwe alitwaa pakiti nzima akaiweka mlango wa saba, chini ya Biblia. Kila jioni alikuja na kidonge kimoja kwenye kiganja na glasi ya maji, akasimama mbele yangu mpaka nimeze. Kisha akasema nifungue mdomo na kuinua ulimi. Nina shahada. Niliinua ulimi.

Mume wangu alipoambiwa habari yote, aliuacha ugali mpaka ukapoa. Mpaka siku hiyo alikuwa akiichukulia ile mimba kama jambo linalotokea kwa jirani mwema.

“Manze,” akasema mwishowe. “Kumbe hata hiyo kondo, nusu ni yangu?”

Tangu hapo hakukalika. Alianza kukataa chumvi. Alianza kulala kwa ubavu wa kushoto, kwa sababu nesi aliniambia mimi nilalie ubavu wa kushoto. Mwenzake kiwandani akampigia simu kumsalimu na kuulizia zamu, “Niaje buda, leo uko shift?” naye akamjibu kwamba wako salama, wanaendelea vizuri, wana wiki ishirini na tatu. Lakini usiku mmoja tu nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda anatazama mikono yake, akaniuliza kama nitakufa kwa sababu yake. Nilimwambia sitakufa. Sikuwa na hakika, na yeye alijua.

Mwezi wa saba nesi alileta fomu nyingine. Watafiti walitaka kipande kidogo cha kondo nikishajifungua, wakakiangalie. Hapo nikajua leo ni vita. Kwao kondo huzikwa nyumbani, penye migomba, na mama mkwe alikuwa ameshamwagiza mume wangu ndoo yenye kifuniko kutoka kiwandani, ya bluu, ili alisafirishe mwenyewe. Kondo lilale kwenye friji ya watu? Nilianza kutafuta maneno laini.

“Kipande kama nini?” mama mkwe akauliza.

“Kama kisanduku cha kiberiti, Mama. Kondo lililobaki mtapewa.”

Alifikiri. Kisha akaisogeza fomu mbele yangu kwa kidole kile kile cha avokado.

“Tia sahihi. Wachukue,” akasema, akamgeukia nesi. “Na mkikifikisha huko, mkiulize vizuri. Kilinisingizia.”

Katika wiki ya thelathini na saba, asubuhi, alinibonyeza mguu akaachia. Alama ya kidole ikabaki. Tukaitazama wote wawili. Ilikuwa shimo dogo la duara, halikuwa na haraka ya kujaa. Alibonyeza mguu wa pili, nao vile vile. Hakuniuliza kichwa wala macho.

“Vaa,” akasema.

Hospitali walikuta presha imepanda na mkojo umeanza kuonyesha dalili. Daktari akasema hatungoji tena, wakanianzishia uchungu siku hiyo hiyo. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Kila taa iliyometameta darini nilidhani ndizo zile nyota. Mama mkwe hakuruhusiwa kuingia, lakini sauti yake iliruhusiwa na nani sijui, kwa sababu nilimsikia korido nzima akiwaambia wapime tena, wapime tena. Walipima. Sikuanguka, sikutikisika. Kesho yake alasiri nikapata msichana, mdogo, mwenye hasira. Presha ilikaa juu siku kadhaa, kisha ikashuka.

Baadaye nilimuuliza nesi kama ni aspirini iliyotuokoa. Alisema kwa mtu mmoja huwezi kujua. Labda ningekuwa salama hata bila hiyo, labda hali ingekuja mapema na kwa ukali, ndiyo maana wanahitaji watu wengi na majibu ya kweli. Hilo la majibu ya kweli alilisema akimwangalia mama mkwe, na mama mkwe akaangalia dirishani. Tulipewa karatasi ya Kiswahili inayoeleza ugonjwa ule ni nini na si nini. Mama mkwe aliniomba nimsomee mara tatu, akaitia kwenye Biblia.

Desemba tulikwenda kwao na mtoto. Kondo lilikuwa limetangulia zamani kwa ndoo ya bluu. Boma lilijaa watu waliokuja kumwona mtoto, na wanawake wakawasha moto. Anayesonga ugali alikuwa mke wa kaka mkubwa wa marehemu baba mkwe, mzee sasa, mmoja wa wale waliokuwapo siku ile mwiko ulipochukuliwa. Mama mkwe alikuwa kwenye kona yake na beseni la vitunguu. Nilikuwa nimepanga jambo: nitasimama, niisome ile karatasi mbele ya wote, kwa sauti ya ofisi. Niliitoa kwenye Biblia, nikakohoa.

“Rudisha hiyo,” mama mkwe akasema.

Aliweka kisu chini. Akajifuta mikono kwenye leso, akavuka ua, akasimama kando ya moto. Hakueleza lolote.

“Nipe mwiko,” akasema.

Yule bibi alimtazama. Mimi nilimshikilia mtoto. Nilikuwa na jibu la kila mtu kwenye karatasi na sikuweza kulisoma. Kisha bibi akasogea kwenye kigoda, akageuza mwiko, akampa upande wa mpini.

Kusonga ugali wa watu arobaini si sawa na kusonga ugali wa mlango wa saba. Mkono haukuwa na mazoezi, na moshi ulimwingia machoni, au alisema ni moshi. Alisonga huku anahema, amepanda juu ya jiwe ili aifikie sufuria vizuri, na sitasema kwa nini alihitaji jiwe. Mume wangu alikuwa ameacha wanaume wenzake, amesimama nyuma yangu.

Ugali ule ulikuwa na madonge makubwa kama mayai. Tuliula wote, na vitunguu nilimenya mimi.